Siku Moja Visiwani Lofoten kwa Meli ya Kitalii: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Maswali haya yamekusanywa kutoka kwa jamaa, marafiki na watu waliowahi kunipigia simu wakiwa tayari wamelipia safari ya kaskazini mwa Norwe na sasa wanajiuliza watafanya nini siku meli itakapofika Lofoten. Nimefika huko mara nne. Mbili nilikuwa mfanyakazi melini, mbili nilikuwa abiria mwenye kulipa nauli yake, na naweza kusema mapema kwamba abiria huona vitu vingi zaidi lakini mfanyakazi ndiye anayejua njia ya mkato ya kwenda kunywa kahawa.

Lofoten iko wapi, na meli inafikia bandari gani?

Ni safu ya visiwa kaskazini ya Norwe, juu ya Duara la Aktiki, karibu na nyuzi 68 kaskazini. Visiwa vikubwa vimeunganishwa kwa madaraja na mahandaki: Austvågøya, Gimsøya, Vestvågøya, Flakstadøya na Moskenesøya. Viwili vidogo, Værøy na Røst, viko peke yao kusini-magharibi na huvifikii bila chombo cha baharini au cha angani.

Meli nyingi kubwa hufikia Leknes, kwenye kisiwa cha Vestvågøya. Wengi hudhani wakishuka watakuwa mjini. La. Bandari yenyewe iko Gravdal, kilomita chache kutoka Leknes, na Leknes si mji wa kutembelewa: ni maduka makubwa, kituo cha basi na uwanja mdogo wa ndege. Usipoteze asubuhi yako hapo. Meli nyingine hufikia Svolvær upande wa mashariki, na huko ukishuka tu uko katikati ya mji. Angalia ratiba yako vizuri kabla ya kupanga chochote, maana kati ya bandari hizi mbili kuna mwendo wa saa moja na zaidi kwa gari.

Nitakuwa na saa ngapi nchi kavu?

Chache kuliko zilizoandikwa. Tuseme meli inafika saa 2 asubuhi na kuondoka saa 12 jioni. Kwenye karatasi ni saa 10. Toa muda wa kuteremka, hasa kama meli imetia nanga nje na abiria wanasafirishwa kwa boti ndogo kwa zamu. Toa nusu saa ya mwisho, kwa sababu abiria wote hutakiwa wawe ndani kabla ya ngazi kuondolewa. Toa na muda wa tahadhari. Zinabaki saa 7 au 8.

Kuna mtego mmoja wa saa. Norwe majira ya joto iko nyuma ya Afrika Mashariki kwa saa moja, hilo ni rahisi. Lakini baadhi ya meli zinazoanzia Uingereza hubaki na saa ya Uingereza safari nzima, huku simu yako ikijibadilisha yenyewe na kufuata saa ya Norwe. Mwenzangu mmoja alirudi gatini akihema, akidhani amechelewa, kumbe bado ana saa nzima. Bahati yake kosa lilikuwa upande huo. Vaa saa ya mkononi, iweke kwa saa ya meli, na uifuate hiyo tu.

Niende wapi? Naona majina mengi na sijui nianzie wapi.

Hili ndilo swali lenyewe, na jibu langu halijabadilika: chagua upande mmoja. Barabara kuu ni moja, E10, na inapita visiwani mwote hadi inapokomea kijiji cha mwisho. Anayejaribu kwenda magharibi na mashariki siku moja atarudi na picha za dirisha la basi.

Ukienda magharibi kutoka Leknes unaingia kwanza handaki la Nappstraum, lililofunguliwa 1990, linalopita chini ya bahari hadi Flakstadøya. Ukitoka upande wa pili dunia imebadilika. Milima inakaribia barabara, na kati ya mlima na maji hakuna nafasi ya kutosha hata kwa shamba la mchicha. Pembeni kidogo kuna Nusfjord, kijiji cha wavuvi kilichohifadhiwa, chenye nyumba zilizosimama kwenye nguzo juu ya maji kuzunguka kibandari kidogo. Mbele, kabla hujafika Ramberg, kuna kanisa jekundu la mbao la Flakstad, la mwaka 1780, lenye paa la umbo la kitunguu. Wenyeji husimulia kwamba lilijengwa kwa magogo yaliyoletwa na mawimbi kutoka mito ya Siberia, kwani visiwani hapo miti ya kupasua mbao haioti. Ramberg penyewe kuna ufuo mweupe utakaokufanya uwatumie picha watu wa Paje kwa uchokozi.

Kisha Hamnøy, Sakrisøy na Reine, umbali wa kama saa moja kutoka Leknes. Picha ya Lofoten unayoijua, ile yenye vijumba vyekundu, maji tulivu na mlima uliochongoka nyuma, imepigwa hapa, kwenye daraja la Hamnøy. Simama pembeni kwenye njia ya miguu, usisimame barabarani; malori ya samaki hayana mzaha. Mwisho kabisa ni kijiji kiitwacho Å. Ndiyo, herufi moja tu, ambayo pia ni herufi ya mwisho ya alfabeti ya Kinorwe, na maana yake ni kijito. Kuna makumbusho ya kijiji cha wavuvi na makumbusho ya samaki mkavu, na duka la mikate la zamani linalouza maandazi ya mdalasini. Watu hupanga foleni nje.

Ukienda mashariki, kama dakika 15 tu kutoka Leknes kuna Borg. Mwaka 1981 mkulima aliyekuwa akilima shamba lake aliibua vitu vya kale, na wachimbaji wa mambo ya kale walipofukua wakakuta misingi ya nyumba ya mtemi wa zama za Waviking yenye urefu wa mita 83, ndefu kuliko nyumba yoyote ya aina hiyo inayojulikana. Leo nyumba ya mfano imejengwa kando yake, na unaingia ndani kwenye giza, moshi wa kuni na harufu ya ngozi. Mbele yake ni Henningsvær, mji wa wavuvi uliotandazwa juu ya visiwa vidogo, maarufu kwa uwanja wa mpira ulioko juu ya mwamba, umezungukwa na bahari na vichanja vya kukaushia samaki badala ya majukwaa. Kisha Kabelvåg, lenye kanisa kubwa la mbao la 1898 linalokalisha watu 1,200, idadi iliyopangwa kwa ajili ya wavuvi wageni waliomiminika kila msimu. Mwisho ni Svolvær.

Mimi hupeleka watu magharibi. Kama mvua inanyesha sana, basi mashariki, kwa sababu Borg kuna paa.

Ziara ya meli, basi la umma, teksi au gari la kukodi?

Ziara ya meli ni ghali na utakuwa na watu 40 wanaotaka kupiga picha mahali pamoja. Faida yake ni moja, lakini kubwa: ikichelewa, meli inaisubiri. Ukienda kivyako ukachelewa, meli inaondoka, na wewe utajigharimia mwenyewe mpaka bandari inayofuata. Kutoka Leknes hiyo maana yake ni ndege ndogo hadi Bodø, mji ulioko Norwe bara, au feri ya kutoka Moskenes hadi Bodø, kisha kuunganisha.

Basi la umma lipo na linafika hadi Å, ila hupita mara chache kwa siku. Panga siku yako kwa kufuata basi la kurudi, si la kwenda. Teksi ni chache mno kwa meli yenye abiria 3,000. Gari la kukodi ndilo uhuru wenyewe, mradi uweke nafasi miezi kabla na uulize mapema kama watahitaji leseni ya kimataifa. Aliyezoea Nairobi au Dar akumbuke kwamba Norwe wanaendesha kulia, taa zinawashwa hata mchana, na mwendo wa barabara hizo ni wa polepole. Kondoo nao wana haki ya kupita.

Pasipoti ya Kenya au Tanzania inahitaji viza?

Inahitaji. Norwe haimo katika Umoja wa Ulaya lakini imo katika Schengen, kundi la nchi za Ulaya zinazotumia viza moja, kwa hiyo ni viza ya Schengen. Usikubali kuambiwa kwamba abiria wa meli hana haja nayo kwa kuwa analala melini.

Angalia pia idadi ya kuingia. Kama safari inaanzia Southampton, utahitaji na viza ya Uingereza. Na kama meli inaendelea hadi Svalbard, visiwa vya Norwe vilivyo kaskazini zaidi, jua kwamba Svalbard iko nje ya Schengen: ukifika huko umetoka, na ukirudi Norwe bara unaingia upya. Viza ya kuingia mara moja itakukwamisha. Omba ya kuingia mara nyingi.

Kuna baridi kiasi gani?

Kwa mahali palipo kaskazini hivyo, kidogo kuliko unavyodhani. Mkondo wa maji ya uvuguvugu kutoka Atlantiki hupita pwani hiyo, ndiyo maana bandari hazigandi hata wakati wa baridi kali. Julai tegemea nyuzi 10 hadi 15 za Selsiasi. Aliyekulia Njombe au Limuru atauliza baridi iko wapi. Aliyekulia Tanga ataiona.

Tatizo ni upepo na mvua vinavyobadilika ndani ya saa moja. Sweta, koti la kuzuia upepo na mvua, kofia ya kufunika masikio, viatu visivyopitisha maji. Mwavuli uache; upepo utaugeuza ua.

Nitaona jua la usiku wa manane? Na zile taa za rangi angani?

Jua halizami kuanzia mwishoni mwa Mei hadi katikati ya Julai. Meli nyingi huwa zimeshaondoka Lofoten jioni, kwa hiyo utaliona ukiwa sitahani, baharini, mradi mawingu yakuruhusu. Ni jambo la ajabu kwa msemaji wa Kiswahili hasa, kwa sababu saa zetu tumezifunga na jua: saa 12 ni kuchwa na kucha. Kule inafika saa 6 usiku, jua linakutazama usoni, na ulimi unasita kuita usiku.

Taa za rangi huhitaji giza. Zinaonekana kuanzia mwishoni mwa Agosti hadi mapema Aprili. Anayekuuzia safari ya Juni kwa picha ya taa hizo anakudanganya.

Sisi ni Waislamu. Sala na chakula inakuwaje?

Jua lisipozama, Magharibi na Isha hazina alama angani. Wanazuoni wametoa njia zaidi ya moja: wapo wanaosema ufuate nyakati za mji wa karibu ambao usiku na mchana bado vinatengana, na wapo wanaosema ufuate nyakati za Makka. Muulize shehe wako kabla ya safari, uondoke na jibu moja, usianze kubishana na wenzio sitahani. Abiria pia wana ruhusa za msafiri za kupunguza na kuunganisha. Kuhusu kibla, aliyezoea kuelekea kaskazini kule nyumbani atageuka: kutoka Lofoten Makka iko kusini-mashariki.

Nyama ya halali usitegemee kuipata visiwani. Lakini uko kwenye kisiwa cha samaki. Uliza tu kama supu imetiwa mvinyo au vipande vya nguruwe, kwa maana yote mawili hutokea.

Yale majukwaa makubwa ya miti kila mahali ni ya nini?

Ni vichanja. Kabisa, kama vile vya kukaushia dagaa, ila hivi ni vikubwa kama paa la soko. Na hapa naomba nikae kidogo, kwa sababu mtu anayepita Lofoten akitazama milima tu ameona nusu ya nusu.

Kila mwaka, kuanzia Januari hadi Aprili, samaki anayeitwa skrei huteremka kutoka Bahari ya Barents kuja kutaga mayai kwenye maji ya Lofoten. Kamusi zitakwambia huyu ni chewa. Si chewa wetu wa miambani. Ni samaki mwingine wa maji baridi, asiye na jina la Kiswahili linalomkaa sawasawa. Wavuvi wamemsubiri hapo kwa zaidi ya miaka 1,000. Yapata mwaka 1120 Mfalme Øystein aliamuru vijengwe vibanda vya wavuvi huko Vågan, upande wa Kabelvåg, na vijumba vyekundu unavyolipia kulala leo ni wajukuu wa vibanda hivyo.

Samaki hukatwa kichwa, hutolewa matumbo, hufungwa wawili wawili mikiani na kutundikwa kuanzia Februari. Hawatiwi chumvi. Hapo ndipo wanapotofautiana na ng'onda na kayabo: ng'onda anaokolewa na chumvi na jua, huyu anaokolewa na baridi. Hewa huzunguka kwenye nyuzi chache juu ya sifuri. Ikiwa baridi zaidi nyama inaganda na kupasuka, ikiwa joto zaidi inzi wanafika. Mei na Juni hushushwa, mgumu kama ukuni, akiwa amepoteza karibu maji yake yote. Anakaa miaka bila friji. Ndiyo maana alivuka bahari.

Januari 1432 nahodha wa Venisi, Pietro Querini, ambaye meli yake ilikuwa imezama, alifika Røst na mabaharia wachache waliobaki hai. Wavuvi wakawalisha na kuwalaza kwa miezi kadhaa, na alipoondoka alibeba samaki mkavu. Waitalia ndio wanunuzi wakubwa mpaka leo. Vichwa, navyo, havitupwi: vinakaushwa na kupelekwa Nigeria, ambako Waigbo humwita samaki huyo okporoko na kumtia kwenye mchuzi. Biashara hiyo ilikua sana baada ya samaki hao kutumwa kama msaada wakati wa vita vya Biafra, 1967 hadi 1970.

Ukija Julai utakuta vichanja vitupu, na wengi hupita wakidhani ni majengo yaliyoachwa. Msimu wa samaki uko wakati ambao meli nyingi za kitalii hazipo. Harufu, hata hivyo, hubaki kwenye miti. Mtu wa pwani ataijua kabla hajaona chochote.

Kwa nini nyumba karibu zote ni nyekundu?

Rangi nyekundu ndiyo iliyokuwa rahisi kupatikana: udongo wenye kutu ya chuma uliochanganywa na mafuta, mara nyingi ya samaki. Njano iligharimu zaidi, nyeupe zaidi tena. Mwenye nyumba nyeupe alikuwa mfanyabiashara, si mvuvi. Sakrisøy utaona vijumba vya njano, na picha zao si mbaya kuliko za vyekundu, ila watu hawasimami kuvitazama.

Nipande Reinebringen, mlima ulio juu ya Reine?

Una urefu wa mita 448, na ngazi zake karibu 2,000 zilijengwa kwa mawe na Washerpa kutoka Nepal, kwa kuwa njia ya zamani ilikuwa imebomoka na kuua watu. Kupanda na kushuka, kupumzika na kupiga picha, ni saa 2 na nusu hadi 3. Ongeza saa 2 za kwenda na kurudi Leknes. Inawezekana, lakini siku yako imekwisha hapo. Mawe yakiwa na maji, acha. Mimi niliishia ngazi ya mia saba na ushee, nikakaa, nikala ndizi, nikashuka, na sijutii.

Nasafiri na mama mkwe mwenye matatizo ya magoti. Atafurahia?

Sana, pengine kukushinda wewe. Mpeleke Reine kwa gari, mketishe kwenye mkahawa wenye dirisha la kuangalia maji, kisha Å kwa maandazi. Njia za kijijini ni fupi. Kitu cha kuuliza mapema ni kama meli itafunga gatini au itatumia boti ndogo, maana kuingia kwenye boti inayopanda na kushuka na wimbi si kazi ya magoti mabovu. Wafanyakazi watamshika mkono, lakini aambiwe kabla asije akashtuka. Na kama bahari humlevya, mpe dawa kabla meli haijaanza kuyumba.

Nibebe fedha taslimu?

Hapana. Fedha ni krone, si yuro, na kadi inapokelewa hata na mwenye meza ya jordbær barabarani, yaani stroberi. Bei zitakushtua. Beba chupa ya maji na sandwichi ya kifungua kinywa, kama meli yako inaruhusu kutoka na chakula. Maji ya bomba ni safi na matamu.

Naweza kuogelea?

Unaweza. Haukland na Uttakleiv, karibu na Leknes, kuna mchanga mweupe na maji ya kijani kama ya Kendwa. Ingia hadi magotini uone.

Naweza kurudi na samaki mkavu?

Vipande vidogo vya kutafuna huuzwa kwenye vifuko vilivyofungwa vizuri, na hivyo havisumbui. Samaki mzima ni habari nyingine: uulize kwanza melini, kwani meli nyingi hazipokei chakula kibichi au kikavu kisichofungwa, na mwenzio wa chumbani atakuwa na maoni yake. Ukifanikiwa kumfikisha nyumbani, usimtupe chunguni siku hiyohiyo. Mloweke kama wiki nzima, ukibadilisha maji kila siku, mpaka alainike. Mimi wangu nilimpika kwa tui zito, ndimu na pilipili mbuzi. Shangazi yangu wa Pangani alionja, akanyamaza, akauliza kama waliomkausha walisahau chumvi.